Julius Kambarage Nyerere: Nani Alimlipia Ada?

Mwana-Kigamboni anayerudi nyumbani kutoka mjini ana njia mbili. Akipitia Magogoni, atavuka kwa pantoni, na kabla hajafika mbali na gati ataona kibao cha Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Akipitia Kurasini, atavuka daraja la mita 680 ambalo tangu lilipofunguliwa, Aprili 2016, linaitwa Daraja la Nyerere. (Najua ipo pia njia ya Kongowe, lakini hiyo ni ya mwenye muda.) Kwa hiyo jina la Mwalimu tunalipita asubuhi na jioni, na wengi wetu tumelizoea kama tulivyoizoea harufu ya samaki pale feri.

Kamati ilipoamua kwamba michango ya mwaka huu iende kwenye sekondari yetu, yaani maktaba, vifaa vya maabara na kiwanja cha michezo, iliomba pia makala moja ya maisha ya mtu anayefaa kukumbukwa katika kazi hiyo. Nimemchagua Mwalimu. Wengi wameshamwandika kama Rais. Mimi nitamfuata zaidi kama mtoto wa shule na kama mwalimu wa sekondari, kwa sababu kazi ya darasani aliifanya kwa miaka michache tu, na sehemu yake nzito kuliko zote aliifanyia pembezoni mwa Dar es Salaam, kwenye vilima vya Pugu. Na kwa kuwa riziki yangu ni uhasibu, mtaniwia radhi nikiuliza swali ambalo mhasibu huuliza kila anapoonyeshwa kitu kizuri: kililipiwa na nani?

Alizaliwa Butiama, karibu na Ziwa Victoria, tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa chifu wa Wazanaki mwenye wake 22, na mama yake, Mugaya, alikuwa mke wa tano. Siku aliyozaliwa mvua ilikuwa kubwa, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Utoto wake ulikuwa wa kuchunga mifugo kama watoto wengine wa kijijini. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kumpeleka shule.

Kilichomtoa machungani, kwa masimulizi yanayojulikana, ni mchezo wa bao. Mtemi Makongoro wa Ikizu, rafiki wa baba yake, alicheza bao na kijana huyo akaona jinsi anavyohesabu kete, akamshauri Burito ampeleke shule. Wazee wetu wa Mji Mwema na Kimbiji wanaokaa barazani na bao mchana kutwa wana haki ya kulitaja jambo hili kila vijana wanapowacheka. Mwalimu mwenyewe aliendelea kulicheza hadi uzeeni. Hakuwahi kujulikana kwa soka wala riadha. Michezo yake ilikuwa bao na kutembea kwa miguu, na kutembea tutakuona mbele.

Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, akaingia Shule ya Mwisenge, Musoma, zaidi ya kilometa 40 kutoka nyumbani. Ilikuwa shule ya bweni, ya darasa la kwanza hadi la nne. Aliimaliza kwa miaka mitatu, akafaulu vizuri sana, na mwaka 1937 akachaguliwa kwenda Shule ya Serikali ya Wavulana ya Tabora.

Tabora ilianzishwa mwaka 1925, ikikusudiwa hasa kwa watoto wa machifu, ili serikali ya kikoloni ipate wasaidizi wake. Iliendeshwa kwa mtindo wa shule za bweni za Uingereza: nyumba zilizoshindana kwa usafi na michezo, paredi, viranja wenye mamlaka makubwa, na Kiingereza kutoka asubuhi hadi usiku. Kijana kutoka Butiama alisoma kwa bidii na akajiunga na skauti. Alichokumbukwa nacho zaidi ni kulalamikia upendeleo waliopewa viranja. Uongozi wa shule ukafanya kama ufanyavyo uongozi wowote wenye akili unapokutana na mlalamikaji hodari: ukamfanya kiranja.

Hapa swali langu linaanza kupata jibu. Hazina ya serikali ile iliyoendesha Tabora ilijazwa na kodi ya kibanda na kodi ya kichwa. Kodi hiyo ililipwa na mkulima wa pamba Usukuma, na pia na mkulima wa mihogo wa Uzaramo, ambaye hakuwa na ndoto ya kumwona mwanawe Tabora. Babu zetu wa huku walikuwa miongoni mwao. Kijana alikula, akalala na akasoma kwa jasho la watu wasiomjua. Mwenyewe alilielewa jambo hili mapema kuliko wasomi wengi, na baadaye alipenda kulieleza kwa mfano wa kijiji chenye njaa kinachompa kijana mmoja chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Asiporudi na kitu, kwa Mwalimu huyo alikuwa msaliti, wala hakuona sababu ya kulitafutia jina la adabu zaidi.

Baba yake alifariki mwaka 1942. Januari iliyofuata Kambarage akaenda Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Mwishoni mwa mwaka 1943 alibatizwa kwa jina la Julius. Akiwa Makerere aliandika insha juu ya hali ya wanawake wa jamii yake, akitumia mawazo ya Mwingereza John Stuart Mill, na insha hiyo ikampatia tuzo. Mtoto wa nyumba ya wake 22 aliandika kwamba wanawake wanaonewa. Nalitaja kwa sababu kila mwaka kwenye mkutano wetu yupo mtu anayeuliza kwa nini tuwajali zaidi wasichana.

Alipomaliza mwaka 1945 alikuwa na njia mbili za ajira mjini Tabora. Moja ilikuwa shule ya serikali, yenye utumishi unaohesabiwa kwenye pensheni. Nyingine ilikuwa St. Mary's, shule mpya ya mapadri wa Kikatoliki, isiyokuwa na pensheni hiyo. Alikumbushwa na wakubwa faida za utumishi wa serikali, na kukumbushwa kule kukamuudhi. Akachagua St. Mary's. Kama mhasibu nisingemshauri hivyo. Alifundisha hapo kuanzia 1946. Kwa muda mfupi alifanya pia kazi ya kukagua bei madukani kwa niaba ya serikali, akaiacha alipoona taarifa zake kuhusu wenye kudanganya bei hazifanyiwi kazi. Yeyote aliyewahi kuandika ripoti ya ukaguzi ikaishia kabatini atamwelewa.

Mwaka 1949 akapata ufadhili wa serikali ya kikoloni kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland. Alirudi Oktoba 1952 na shahada ya M.A. Januari 1953 alimwoa Maria Gabriel, ambaye naye alikuwa mwalimu. Kabla ya kuhamia pwani alijenga nyumba Butiama, akikanyaga udongo kwa miguu yake mwenyewe mbele ya majirani walioshangaa kumwona msomi wa Ulaya amejaa tope hadi magotini.

Pugu

Kazi iliyomsubiri ilikuwa Chuo cha St. Francis, Pugu, sekondari ya wavulana iliyoendeshwa na mapadri wa Roho Mtakatifu. Wana-Kigamboni wanaifahamu Pugu: vilima, msitu, reli ya kati ikipanda kuelekea bara. Ni kama kilometa 20 kutoka katikati ya jiji. Wakati ule Pugu ilikuwa mbali na mji kweli kweli, kama Kibada au Somangila ilivyokuwa mbali na mji siku za wazazi wetu. Shule ilikuwa juu, imejitenga, na wavulana waliokaa bweni wakaletwa hapo kutoka sehemu nyingi za Tanganyika. Ilikuwa mojawapo ya sekondari chache sana ambazo mvulana Mwafrika angeweza kuingia. Benjamin Mkapa, aliyekuja kuwa Rais wa tatu, ni mmoja wa waliosoma Pugu.

Nyerere alipofika mwaka 1953 alifundisha historia. Hebu fikirieni nafasi aliyokuwa nayo. Alikuwa na shahada ya Ulaya wakati Watanganyika wenye shahada waliweza kuhesabiwa kwa vidole. Alikuwa na mke kijana na nyumba ya shule. Kama angekaa kimya angekuwa mkuu wa shule baada ya miaka michache na mstaafu mwenye heshima baadaye.

Lakini Pugu ilikuwa karibu na Dar es Salaam kiasi cha kutosha. Mwisho wa wiki alishuka mjini, mara kwa miguu, mara kwa baiskeli, mara kwa gari la rafiki, kukutana na akina Abdulwahid Sykes, mdogo wake Ally, na Dossa Aziz. Tarehe 17 Aprili 1953, akiwa na miezi michache tu Pugu, alichaguliwa rais wa Chama cha Waafrika Tanganyika, TAA. Tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikageuzwa kuwa TANU, kwenye nyumba ndogo ya mtaa unaoitwa leo Lumumba, mbele ya waasisi 17. Jumatatu alitakiwa kuwa darasani Pugu, na daftari za wanafunzi zimesahihishwa.

Nimejaribu mara nyingi kuifikiria wiki yake ya kawaida. Jumamosi anazungumza na wazee wa Kariakoo juu ya utawala wa nchi. Jumapili jioni anapanda kilima. Asubuhi anaingia darasani na chaki. Wanafunzi wake walikuwa na mwalimu aliyekuwa akiishi somo lake. Walimu wa aina hiyo wapo hata leo kwenye shule zetu za kata, wanaofanya kazi mbili na kulala saa nne, ila hatuwaandiki.

Mapema mwaka 1955 TANU iliamua kumpeleka New York, kwenye Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, kueleza kwamba Tanganyika inataka kujitawala. Chama hakikuwa na nauli. Watu walichangishana: wafanyabiashara wa mjini, makarani, wazee, akina mama. Tarehe 7 Machi 1955 mwalimu wa historia wa Pugu alisimama mbele ya baraza hilo. Nauli ile ndiyo mchango ninaouheshimu kuliko yote katika historia ya nchi hii, kwa sababu waliotoa hawakuwa na hakika ya chochote. Hapakuwa na jengo la kukatiwa utepe wala kibao cha majina ya wafadhili.

Aliporudi, ikawa lazima achague kati ya ualimu na siasa. Serikali ilikuwa imekwisha kumwangalia kwa jicho baya na shule isingeweza kubeba vyote viwili. Machi hiyo hiyo akajiuzulu.

Hili jambo husemwa haraka haraka kwenye hotuba. Mimi naomba tulikalie kidogo. Baba wa familia, mwenye mke na mtoto mchanga, aliacha mshahara wake wa kila mwezi na nyumba ya kazi, akaenda kufanya kazi katika chama ambacho hakikuwa na uwezo wa kumlipa. Alirudi kwao Musoma, akawa anamfundisha padri wa Maryknoll lugha ya Kizanaki. Oktoba 1955 akarejea Dar es Salaam, na baadaye familia ikakaa Magomeni, ambako Mama Maria aliendesha duka dogo ili nyumba iende. Kwa hiyo kwenye orodha ya waliolipia Uhuru wa Tanganyika, mwandikeni na muuza duka wa Magomeni. Nyumba hiyo ipo hadi leo, imekuwa makumbusho, na ni safari nzuri ya mafunzo kwa wanafunzi wetu, ambayo haihitaji basi la kukodi kwenda mikoani.

Ng'ambo ya maji

Kabla hata bendera haijapandishwa, Mwalimu alitaka chuo cha watu wazima ambao ukoloni haukuwapa nafasi ya sekondari: viongozi wa vyama vya ushirika, wa vyama vya wafanyakazi, wa matawi. Mfano ulikuwa Chuo cha Ruskin, Oxford, kilichokuwa kikisomesha wafanyakazi wa Uingereza. Mwingereza Joan Wicken, aliyesoma hapo Ruskin, alipewa kazi ya kutafuta fedha kupitia Mfuko wa Udhamini wa Elimu Tanganyika. Michango ilitoka kwa wananchi hapa nchini na kwa marafiki wa nje. Bi Wicken baadaye alikuwa msaidizi wa Mwalimu kwa zaidi ya miaka 30. Chuo kikafunguliwa mwaka 1961, mwaka ule ule wa Uhuru, na mahali palipochaguliwa ni ng'ambo ya maji, Kigamboni. Kikaitwa Kivukoni.

Kwa hiyo kabla Kigamboni haijawa na barabara za lami, viwanja vya mradi na mageti ya matajiri wa pwani, ilikuwa na chuo kilichojengwa kwa kuchangishana. Kilipita mikononi mwa chama, kikawa chuo cha siasa ambacho makada wengi walipitia. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 kikageuzwa kuwa chuo cha sayansi za jamii, na mwaka 2005 kikapata jina kinaloitwa leo. Wapo wana-Kigamboni waliouza vitumbua na chai kwa wanafunzi wa Kivukoni kwa miaka mingi bila mtoto wao mmoja kukanyaga darasa lake. Nasema hivi bila hasira. Chuo kikuu jirani hakimfai mtoto ambaye hakupata kidato cha nne.

Na hapo lazima tuingie kwenye sehemu ya maisha ya Mwalimu ambayo vipeperushi kama hivi hupenda kuiruka.

Alipoingia madarakani alifanya mambo makubwa kwa shule. Kuanzia 1962 shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika ziliunganishwa kuwa mfumo mmoja. Machi 1967 akatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea: shule iwe na shamba, mtoto ajue jembe na kitabu. Sheria ya mwaka 1969 ikaziweka shule za mashirika ya dini chini ya serikali, na Pugu, shule aliyolazimika kuiacha, ikawa sekondari ya umma kama ilivyo leo. Waliosoma enzi hizo wanakumbuka mchakamchaka alfajiri, paredi, shamba la mihogo la shule, kidumu cha maji na fagio mkononi. Mwaka 1967 huo huo sheria iliunda Baraza la Michezo la Taifa. Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi akavunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, na kila mtoto wa shule nchini akawa mkimbiaji kwa mwezi mzima. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameshatoa mfano wake Oktoba 1967, alipotembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, karibu kilometa 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha.

Alikuwa mwalimu mkali pia. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi, wengi wao wa Chuo Kikuu, waliandamana hadi Ikulu kupinga kulazimishwa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa na kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara wao kwa miezi 18. Aliwasikiliza, kisha akawarudisha makwao, karibu 400. Papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengine wanaona alionea vijana. Mimi naona aliwapa adhabu iliyozidi, lakini nafikiria pia kwamba sijawahi, katika miaka yote ya kufunga hesabu za watu, kumwona bosi aliyeanza kubana matumizi kwenye mshahara wake.

Mwezi Novemba 1974, Musoma, chama kiliamua kila mtoto apate elimu ya msingi, na lengo likawekwa liwe mwaka 1977. Kati ya 1974 na 1980 idadi ya watoto wa shule za msingi ilizidi mara mbili. Walimu walipatikana popote: vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa huku wakifundisha. Jioni watu wazima walisoma chini ya miembe. Kwa nchi maskini ile, ilikuwa kazi ya ajabu, na bibi zetu wengi wa Gezaulole na vijiji vingine vya ujamaa walijifunza kuandika majina yao wakati huo.

Lakini fedha zilikuwa zile zile. Kilichoongezwa msingi kilibanwa sekondari. Nchi iliamua kwa makusudi kuwa na sekondari chache, kwa kadiri ya wataalamu iliowahitaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika kila watoto mia wa umri wa sekondari, hawakufika watano waliokuwa sekondari. Wengine waliambiwa kwamba darasa la saba linatosha kumrudisha mtu kijijini akiwa raia mwema. Kwa familia ya mvuvi wa Kimbiji au Pemba Mnazi maana yake ilikuwa rahisi: mtoto alifaulu lakini hakuchaguliwa, na hapakuwa na sekondari ya kutwa ya kwenda kuomba nafasi. Mwenye fedha alivuka maji kutafuta shule ya kulipia. Asiye nazo akachukua wavu.

Naliandika hili nikiwa mtu ninayempenda Mwalimu. Yeye aliyesomeshwa sekondari kwa kodi ya wasiosoma alijitahidi kuirudisha deni hilo kwa wengi kwa kuwapa wote elimu ya msingi. Hesabu yake ilikuwa ya haki, ila kwa mtoto wa pembezoni mwa Dar es Salaam iliacha pengo la kizazi kizima. Tukitazama leo ni familia zipi za huku zilizouza viwanja vyao kwa bei ya kutupa miaka ya 2000, mara nyingi ni zile ambazo hapakuwa na mtu wa kusoma mkataba. Sisemi kwamba Mwalimu aliyafanya hayo. Nasema kwamba kukosa sekondari kuna gharama isiyoonekana kwenye vitabu vya mwaka ule ule.

Alistaafu urais mwaka 1985, akarudi Butiama kulima. Alikwisha kumtafsiri Shakespeare mara mbili, Julius Caesar na The Merchant of Venice, hii ya pili akaiita Mabepari wa Venisi, na uzeeni aliendelea kuandika. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu, akazikwa Butiama tarehe 23. Wanafunzi wanapumzika siku hiyo ya Oktoba kila mwaka bila wote kujua kwa nini.

Pengo la sekondari lilianza kuzibwa baada yake, hasa kuanzia mwaka 2004 na mpango wa MMES, shule za kata zilipoibuka kila mahali kwa nguvu za wananchi na serikali. Watu walizicheka, wakaziita za yeboyebo. Hazikuwa na maabara, walimu walikuwa wachache, na nyingi zilijengwa kwenye eneo dogo lisilo na nafasi ya kiwanja. Lakini zilikuwa zetu, na mtoto alikwenda kwa miguu. Tangu 2016 ada imeondolewa hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hadi kidato cha sita. Kuondoa ada kumejaza madarasa. Hakukuleta vitabu vya rejea wala darubini, na hakukutengeneza kiwanja.

Kuhusu kiwanja, wapo wanachama walioniuliza kama ni anasa. Mtoto wetu anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, anasubiri daladala au bodaboda, anakaa darasani hadi alasiri, anarudi gizani. Tabora na Pugu zilizomlea na kumwajiri Mwalimu hazikuwa madarasa matupu. Zilikuwa na viwanja, mijadala, skauti na maktaba, na wavulana walijifunza huko kusema, kushindwa, na kulalamikia viranja. Watoto wa kutwa wanahitaji mambo hayo zaidi kuliko wa bweni, kwa sababu saa zao za shule ni chache. UMISSETA kila mwaka inatuonyesha wenye vipaji, ila mwenye kipaji lazima awe na mahali pa kukimbilia kwanza, na si kando ya barabara ya Kibada kati ya malori ya mchanga.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Anayetaka mchango wake uende kwenye kitu kimoja tu, maktaba, maabara au kiwanja, aweke alama kwenye kisanduku husika, na utaingizwa kwenye daftari la kitu hicho peke yake. Asiye na fedha taslimu anaweza kuahidi mifuko ya saruji, vitabu vilivyotumika au siku za kazi, navyo vitaandikwa. Daftari zote tatu zitasomwa mbele ya mkutano mkuu, jina kwa jina na shilingi kwa shilingi, na mwanachama yeyote ana ruhusa ya kuzikagua kabla ya siku hiyo.